Wagombea Watatu kwenye Karatasi ya Arlys

Kwa miaka ishirini na sita, Harlan Dykstra, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, na Loren Tinklenberg, askari mstaafu wa kaunti, walikuwa wakinywa kahawa meza moja katika mkahawa wa Twila, mjini Harmelen, kaskazini magharibi ya jimbo la Iowa. Januari ile walikuwa hawasemezani. Kila mmoja alikaa pembe yake na andazi lake la mdalasini, na alipokuwa na neno la kumrushia mwenzake, alilipitisha kwa Arlys.

"Dada, mwambie huyo rafiki yako, Seneta wake anajua kupayuka tu," alisema Harlan.

"Mwambie ndugu yako," akajibu Loren bila kugeuza shingo, "Gavana wake anataka kufungua geti la nchi ili yeye apate wakamuaji."

Arlys alikuwa dada mkubwa wa Harlan, na alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na minne kama mkutubi wa shule. Alikaa katikati yao kama ule mpaka wenyewe waliokuwa wakiugombania, kahawa yake ikipoa.

Zilibaki wiki mbili kufika kikao cha mchujo, siku ambayo wanachama wangekusanyika kwenye ukumbi wa shule kumchagua wa kupeperusha bendera ya chama katika mbio za urais. Mjini Harmelen karibu kila mtu alikuwa mhafidhina, kwa hiyo hakuna aliyebishana kama mpaka wa kusini wa nchi, wanakoingilia wahamiaji, ulindwe au usilindwe. Ubishi ulikuwa nani atakayeulinda kweli. Seneta Cutshaw aliahidi ukuta tangu bahari hadi bahari. Gavana Maribeth Stroud alisema mpaka ulindwe, ila watu wa mashambani wapewe vibali vya kazi kwa utaratibu. Wa tatu, mfanyabiashara Pruitt Langley, alisema kila asiye na karatasi za kuishi nchini atarudishwa kwao ndani ya mwaka mmoja.

Asubuhi hiyo Arlys alichoka. Aligonga meza kwa kijiko.

"Mmenichosha! Nipeni siku tano. Nitasoma waliyoyafanya hawa watu, siyo wanayoyasema kwenye matangazo. Ambaye mgombea wake maneno yake na matendo yake hayalingani, atalipa adhabu."

"Adhabu gani?" aliuliza Harlan.

Twila akadakia kutoka jikoni. "Harlan akishindwa, asimike bango la Seneta mbele ya nyumba yake. Kubwa! Loren akishindwa, akamue ng'ombe wa Harlan wiki nzima, na kichwani avae kofia ya Gavana!"

Mkahawa mzima ulicheka. Wale wawili walitazamana, kisha wakapeana mikono, mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

Arlys alifurahia zile siku tano kuliko alivyotegemea. Meza yake ya jikoni ilijaa karatasi. Alisoma kumbukumbu za kura za Seneti, akapiga simu kwenye maktaba ya jimbo la Gavana mpaka mkutubi wa huko akaanza kumwita kwa jina. Alichora safu tatu kwa rula: aliyoyasema, aliyoyafanya, na tarehe. Siku ya sita akasimama mkahawani, miwani puani.

"Naanza na Seneta. Mswada wa ukuta uliletwa mara mbili. Mara zote mbili ulianguka kwa kura chache. Na mara zote mbili, yeye hakuwepo."

"Hakuwepo?" Loren aliweka kikombe chini.

"Hakupiga kura. Jina lake lipo, kura haipo."

Harlan alicheka hadi akafuta machozi. Arlys akamgeukia.

"Wewe usicheke bado. Gavana wako alitia saini sheria ya kumtaka kila mwajiri akague karatasi za wafanyakazi. Akajisifu nayo jimbo zima. Kisha akaajiri wakaguzi wawili."

"Wawili kila kaunti?"

"Wawili. Jimbo zima."

Ikawa zamu ya Loren kucheka. Twila, ambaye alikuwa wa Langley tangu mwanzo, alitoka jikoni na taulo begani. "Na wangu?"

"Safu yake nimeiacha tupu. Hajawahi kushika ofisi yoyote, kwa hiyo siwezi kumsifu wala kumlaumu kwa jambo ambalo hajafanya."

"Basi nimeshinda!"

"Hujashinda, Twila. Hujacheza."

Kwa hiyo wote wawili walilipa. Bango la Seneta lilisimikwa kwenye theluji mbele ya nyumba ya Harlan, refu kumpita yeye, na kila mchana Loren alifika kwenye banda la kukamulia akiwa na mabuti ya mpira na kofia ya bluu yenye jina la Stroud. Aliyemfundisha kazi alikuwa Eusebio, msimamizi wa wakamuaji, mtu mfupi mwenye mustachi, aliyetoka Guatemala.

Siku ya kwanza Loren alimsukuma ng'ombe kwa bega, akapigwa mkia usoni.

"Afande," alisema Eusebio kwa upole, "ng'ombe hakamatwi. Anabembelezwa."

Loren alijifunza kupangusa kiwele, kufunga mashine, na kusema na ng'ombe kwa sauti ya chini. Siku ya pili, wakiwa wameinama bega kwa bega, aliuliza swali lililokuwa likimwasha.

"Na wewe ulikujaje huku?"

"Kaka yangu aliniombea kibali. Nikangoja miaka kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja! Mimi ningeruka ukuta."

"Ndiyo maana nikiwaona walioruka nanuna, afande," Eusebio alisema. "Halafu nikiwakumbuka watoto wao, kununa kunaniisha."

Loren alimsogelea ng'ombe aliyefuata. Aliendelea kupangusa.

Siku ya tatu, basi la kampeni la Seneta Cutshaw lilikuwa likipita barabara ile kwenda kwenye mkutano mji wa jirani. Seneta aliona bango, akaamuru dereva akate kona. Alishuka na koti refu, akamkuta Harlan uani na koleo la theluji.

"Ndugu yangu! Nimeona bango lile nikasema, hapa ni nyumbani!"

Harlan alichomeka koleo kwenye theluji. Wakati huohuo Loren alitoka bandani, samadi hadi magotini, kofia ya mpinzani kichwani, akamwona mtu aliyekuwa akimpigia debe tangu kiangazi.

"Mheshimiwa!" alipiga kelele. "Wako ni mimi! Huyo siye!"

Seneta alitazama bango, akatazama kofia. "Jamani, mbona mji huu unanichanganya?"

Arlys alikuwa amekuja na sufuria ya supu ya wakamuaji. Aliiweka juu ya boneti ya gari, akatoa karatasi yake mfukoni, akamweleza Seneta yote, kisha akauliza moja kwa moja: "Mheshimiwa, zile siku mbili ulikuwa wapi?"

Msaidizi wa Seneta alitaka kuingilia, Seneta akamzuia kwa mkono.

"Ya kwanza nilikuwa kwenye chakula cha wafadhili. Nilidhani mswada utapita bila mimi. Nilikosea, na sina la kujitetea. Ya pili, mama, nilikuwa namzika mama yangu."

Arlys alihisi masikio yake yakipata moto, na baridi yote ile.

Jioni alitafuta tangazo la msiba kwenye gazeti la jimbo la Seneta. Tarehe ililingana. Kesho yake alisimama tena mkahawani, akatoa kalamu nyekundu, akaikata kura ya pili kwenye karatasi yake mbele ya watu wote. "Nilisoma kura, sikusoma kwa nini. Kosa ni langu. Nisameheni."

"Kwa hiyo narudishiwa nusu ya wiki yangu?" Loren aliuliza.

"Hurudishiwi. Ya kwanza bado ipo."

Siku ya kikao, watu mia moja na thelathini walijaa ukumbini, viatu vikichuruzika theluji. Loren alisimama kumsemea Seneta, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Mtu wangu aliwahi kukosa kura kwa sababu ya chakula cha jioni, na amekiri mwenyewe." Harlan alipofuata, akaanza: "Na wangu ana wakaguzi wawili." Watu walipiga makofi kwa kicheko, na wakasikiliza yaliyobaki kwa masikio mapya. Twila alimsemea Langley kwa dakika moja tu, akawakumbusha kuwa mkate wa tufaha uko mlangoni.

Kila mtu aliandika jina kwenye kipande cha karatasi. Hesabu ilipotoka, Seneta alipata hamsini na mbili, Gavana arobaini na saba, Langley thelathini na moja. Arlys aliandika jina lake akiwa amefunika kwa kiganja, akakunja mara nne, na Harlan alipomwuliza, alimwambia akasaidie kupanga viti.

Harlan alimpa Loren mkono wa pongezi. Kabla hata ya kuuachia, tayari walikuwa wanabishana nani anafaa kuwa mgombea mwenza, na mara hii walikuwa wanaambiana uso kwa uso, kwa sauti ya juu, huku kila mmoja ameshika kipande cha mkate wa tufaha.