Ng'ombe Waliotazama Niboye

Jumanne asubuhi, wiki ya pili ya Novemba 1994, Alida alikuwa amechuchumaa uani kwao Gitega, mtaa wa Kigali, akikoroga unga wa muhogo kwenye sufuria ndogo ili upate kuwa gundi. Gundi ya muhogo ina wivu. Ukiipa kisogo kidogo tu, inashika mabonge. Pembeni alikuwa amepanga vitu vyake vya kazi: maboksi ya biskuti za msaada yaliyokatwa vipande, maganda makavu ya mgomba, vitambaa vya kitenge, samadi iliyochanganywa na jivu kwa ajili ya kuchora mistari, na ngozi.

Ngozi hiyo ilikuwa ya ng'ombe mmoja tu, aliyeitwa Gaju. Mwaka 1958 mtu mmoja, Twagirayezu, alimpa baba yake Alida mtamba huyo kwa sababu walipendana, basi. Miaka mitatu baadaye familia ilipolazimika kukimbilia Burundi, Gaju alikwenda nao kwa miguu, na njia nzima watoto walikunywa maziwa yake. Hakufa hata mmoja. Gaju mwenyewe alikuja kufa kwa uzee, na ngozi yake ikawa ya kulalia huko Buyenzi, mtaa wa Bujumbura wanakosema Kiswahili, ambako Alida alizaliwa na kukulia.

Alida hakuwahi kumwona Gaju, lakini alimjua kuliko alivyowajua shangazi zake. Baba yake, mzee Kubwimana, alimsimulia kila siku: rangi yake, mwendo wake, pembe ya kulia iliyoshuka kidogo. Na kila alipotaka kuapa, au kusifu uji, au kukataa kitu kwa nguvu, mzee alisema kwa Kinyarwanda, "Yampaye inka Twagirayezu," yaani Twagirayezu alinipa ng'ombe. Kwao mtu aliyepewa ng'ombe huapa kwa jina la aliyempa mpaka anaingia kaburini.

Kwa hiyo Alida alipoanza kutengeneza picha za kuuza, ndogo kiasi cha kiganja, hakuwa na mnyama mwingine kichwani. Kila picha ilikuwa Gaju, na kila moja ilibandikwa kipande cha ngozi yake kisichozidi ukucha. Alimtengeneza akitazama kushoto, maana ndivyo mkono wake ulivyopenda. Picha ikishakauka, ng'ombe aligeuka mwenyewe. Kule Buyenzi wote waligeukia kaskazini, na hakuna aliyelitia maanani, kwa kuwa nusu ya mtaa ilikuwa ikitazama kaskazini kwa miaka zaidi ya thelathini.

Walirudi Rwanda mwezi wa Agosti. Mzee alikuwa na neno moja tu: ampate Twagirayezu, amshukuru mlangoni kwake, na ampe ndama jike kama desturi inavyotaka, kabla kifua hakijammaliza. Walikwenda kwenye kilima chao cha zamani wakakuta watu wachache, nao wakasema Twagirayezu alihamia Kigali siku nyingi. Kigali wapi, hawakujua. Na Kigali ya mwaka ule ilikuwa nusu watu wasiojulikana walikokwenda, nusu watu wasiojua walikofika. Mzee aliuliza sokoni, akauliza kanisani, hakuambulia kitu. Kikohozi kikawa kinazidi.

Siku hiyo ya Jumanne Alida alishuka na picha zake mpaka mbele ya posta, mahali wazungu wa mashirika walipopita. Mmoja wao, muuguzi aliyejifunzia Kiswahili Bukavu, alimfuata.

"Mama, ile ngombe yako imenipa mugongo," alisema. "Niliinunua inaniangalia. Sasa iko inaangalia ukuta."

"Unakaa wapi?"

"Kiyovu."

"Ukuta wa upande gani?"

Muuguzi alifikiri. "Kule jua inatokea. Hapana, chini kidogo."

"Naweza kukubadilishia."

"Hapana, nimeshaizoea," alisema muuguzi. Akanunua nyingine ili ya kwanza isikae peke yake.

Kesho yake alikuja Rugamba, fundi mwashi aliyekuwa akijenga Kinyinya. Alikuwa amemnunulia mchumba wake ng'ombe, naye ng'ombe huyo alikuwa akitazama kusini. Hakuja kulalamika. Siku hizi alikwenda naye kazini akiwa mfukoni, akamtumia kupimia misingi ya nyumba, na hakuna kona iliyompinda tangu hapo. Alitaka kujua tu kama mvua itamharibu.

Alida alimweleza baba yake wakati wa chakula, kama mtu anavyosimulia habari za mjini. Mzee Kubwimana aliweka kikombe chini. Alichukua mkaa, akachora sakafuni: Gitega hapa, Kiyovu hapa, Kinyinya juu kule. Ng'ombe wa Gitega, aliyekaa juu ya kitanda chao, alitazama kati ya mashariki na kusini. Mzee akavuta mistari mitatu. Ilikutana mtaa wa Niboye.

"Gaju anamtazama aliyemtoa," alisema. "Alikuwa na adabu tangu zamani."

Alida alishika kazi usiku na mchana hadi Jumamosi. Alitengeneza ng'ombe wawili, na mara hii akatengeneza na ndama jike, akampa kipande chote cha ngozi kilichobaki.

Jumapili baada ya misa walikwenda Niboye, mzee akiwa na koti na kofia, Alida akiwa na picha tatu ndani ya kikapu cha kifuniko. Kila njia panda Alida alifunua kikapu, wakatazama, wakafuata. Walifika kwenye nyumba ya matofali yenye geti la bluu, na hapo ng'ombe waliacha kugeukageuka.

Aliyefungua alikuwa bwana mmoja wa makamo, aliyevaa shati la pasi. Jina lake Kamanzi, afisa katika ofisi mojawapo ya serikali. Alikuwa amekulia Uganda, na alipendelea Kiswahili kwa sababu Kinyarwanda chake watu walikicheka chini chini.

"Karibu mzee. Kuna shida gani?"

Mzee Kubwimana hakuuliza jina. Alikuwa ameibeba shukrani hiyo miaka thelathini na mitatu, na mzigo ukishafika mlangoni mikono inautua yenyewe. Alivua kofia akaanza. Alimtaja Gaju na rangi yake, akamtaja mama yake Gaju, akataja mto waliouvuka na mahali walipokamulia, akataja watoto wake mmoja mmoja na kiasi cha maziwa alichokunywa kila mmoja. Kamanzi alisikiliza amesimama. Mkewe, Peace, alileta viti, akasikiliza ameketi. Ilichukua karibu nusu saa. Tangu aingie Kigali watu walikuwa wamemwomba Kamanzi mihuri, vibali, usafiri na kazi. Kumshukuru, hakuna aliyewahi. Mzee alipomaliza na kumkabidhi picha moja, aliipokea kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Asante sana mzee. Hii maneno imenigusa."

"Wewe ni mtoto wa ngapi wa Twagirayezu?"

"Twagirayezu ni nani?" aliuliza Kamanzi.

Peace ndiye aliyejibu. "Huyo ni baba ya Mukasine. Mukasine iko huko nyuma, kwa jiko."

Kamanzi alieleza bila kuficha, maana hakuona cha kuficha. Mwezi wa Julai aliikuta nyumba hiyo tupu, mlango wazi, bati limetoboka. Aliziba bati kwa pesa yake. Yeye pia alikulia ukimbizini, kambini, na wazazi wake walizikwa huko huko kwenye ardhi ya watu. Mwezi wa Septemba akaja Mukasine, ametoka hospitali. Baba yake na kaka zake wawili waliuawa mwezi wa Aprili. Kamanzi alimpa ufunguo wa jiko la uani.

"Nyumba ni ya Mukasine," alisema Alida.

"Najua. Niliandika jina yake kwa karatasi. Ofisi itaangalia."

"Lini?"

"Karatasi iko mingi, dada." Alimnyooshea mzee picha. "Basi chukua, mzee. Haikuwa yangu."

Mzee Kubwimana aliitazama picha, akamtazama na Kamanzi. Alikuwa amesikia kwamba Twagirayezu hayupo tena.

"Kaa nayo," alisema. "Shukrani nimeshaisema, siwezi kuimeza tena. Ninayo nyingine."

Alida alifunua kikapu. Ng'ombe aliyebaki na ndama wake walikuwa wakitazama uani.

Mukasine alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, amepiga magoti mbele ya mafiga akipuliza moto wa maharage. Alimkalisha mzee juu ya jerikeni lililopinduliwa, na mzee akaanza upya, tangu rangi ya Gaju. Mara hii ilichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu Mukasine alikuwa akimkatiza. Habari za ng'ombe huyo alikuwa nazo zote. Baba yake alimsimulia kila mwaka, kila mvua za kwanza zilipoanguka, akijiuliza kama yule mnyama alivuka salama na kama aliwafaa watu.

"Ila pembe iliyoshuka ilikuwa ya kushoto," alisema Mukasine.

"Ya kulia, mwanangu. Niliiona kwa macho yangu."

"Baba alisema kushoto."

Walibishana juu ya pembe mpaka maharage yakakaribia kuungua. Alida ndiye aliyewaamua. Twagirayezu alimtazama Gaju kwa nyuma, akienda zake; Kubwimana alimtazama usoni, akija. Wote walisema kweli. Mzee alicheka mpaka akakohoa, na Mukasine akacheka naye. Alida alikaa kati yao amejaa shukrani, kwa ng'ombe ambaye hakuonja maziwa yake na kwa mtu ambaye hakumwona, na kwa huyu mwanamke aliyewahifadhia nusu ya Gaju ambayo hawakuwa nayo. Alishukuru kwa kuwa hai. Aliona vizuri kwamba bila ng'ombe yule wa pembe iliyoshuka asingekuwepo hapo jikoni kula maharage.

Mzee alimkabidhi Mukasine ng'ombe, kisha ndama. Walimtundika ndama juu ya kuni. Huyo hakugeukia upande wowote. Alitazama mbele, alipokuwa Mukasine, akatulia.

"Murakoze," alisema Mukasine. Asante. Alilisema neno hilo vizuri, kama mtu anayelitumia sana. Kila asubuhi alilisema kwa Kamanzi kwa ajili ya maji, na kwa Peace kwa ajili ya chumvi.

"Wananipa maji ya bomba," alimweleza Alida. "Ni watu wazuri."

"Lakini bomba si lenu?"

"Ni letu. Baba ndiye aliyelivuta. Ila ufunguo wa bomba wanao wao."

Wakati wa kurudi mzee alitembea mbele, mwepesi, kofia kisogoni. Hakukohoa mpaka Gitega. Alisema sasa kifua kinaweza kufanya kitakavyo, yeye amemaliza shughuli yake. Alida alifungua mlango wa chumba chao. Ufunguo walikuwa wamepewa mwezi wa Agosti na mtu aliyeukuta umechomekwa kwenye kitasa, na hawakuwa wamemwuliza yeyote jina la mwenyewe. Aliushika ufunguo kidogo mkononi, kisha akautundika mahali pake na kwenda kuchemsha chai.

Mwezi wa Desemba Kamanzi alimtumia Alida ujumbe. Alida alimkuta sebuleni, mbele ya picha.

"Ngombe inanipa mgongo mbele ya wageni," alisema.

"Inatazama jikoni."

"Najua inaangalia wapi." Aligeukia makochi. "Huwezi kunitengenezea ingine, inaangalia kwa viti?"

"Ngozi imekwisha. Itundike ukuta ule wa pili. Itatazama huko huko, ila utaiona uso."

Hata Alida hakujua kwa nini alisema hivyo. Labda ni mazoea ya muuzaji, kumtafutia mteja njia. Kamanzi alifurahi, akaita watu wawili, wakahamisha picha, kisha wakayageuza makochi ili wageni wakae wakiielekea. Sasa ng'ombe alionekana vizuri na wageni walimsifu macho. Shida ikawa macho hayo hayakuwatazama wao. Yalipita juu ya vichwa vyao, na baada ya soda moja kila mgeni aligeuza shingo ajue kuna nini nyuma yake. Nyuma yake palikuwa na dirisha, na nje ya dirisha palikuwa na jiko, na mlangoni pa jiko Mukasine akipuliza moto.

"Yule ni nani?" waliuliza.

Baada ya mgeni wa tano Peace alikwenda sokoni akanunua kitambaa kizito cha maua, cha pazia la dirisha hilo. Mukasine alijua kushona, wakampa kazi hiyo. Jumapili mbili kabla ya Noeli, Alida alipompeleka baba yake kumsalimu, walimkuta ameketi kizingitini, pazia limejaa mapajani, akilipinda upindo kwa sindano ya mkono, mishono midogo, iliyonyooka. Mzee aliketi karibu yake wakaendelea kuzungumza habari za Gaju. Ilipofika saa kumi kazi ilikuwa imekwisha. Peace alimpa kilo moja ya sukari. Mukasine aliipokea kwa mikono miwili akasema murakoze, kisha akachukua nyundo na kuingia sebuleni kulitundika pazia mwenyewe, kwa kuwa ni yeye tu aliyejua ukuta ule unashika misumari mahali gani.