Kiti cha Pili cha Mbele

Walianza na chakula. Kampuni ilisema kila rubani abebe chake kutoka nyumbani, njaa haiangushi ndege. Wakaja kwenye siku za mapumziko, nazo wakazimega. Wakapunguza mafundi. Na kwa kuwa mlafi hajui kushiba, sasa wakakikodolea macho kiti cha pili cha mbele, anapokaa rubani msaidizi.

Rubani mkuu, ambaye uwanja mzima ulimwita Babu Mawingu, alikuwa ameruka miaka thelathini na moja bila abiria wake hata mmoja kuchubuka. Akaletewa karatasi aitie sahihi. Iliandikwa kwamba yeye, mkongwe kuliko wote, amerusha ndege peke yake akisaidiwa na mashine, na ameona mtu mmoja anatosha. Sahihi hiyo ndiyo ingewafumba midomo wakaguzi wa serikali. Na ndiyo ingemtoa kazini Binti, rubani msaidizi wake, ambaye mama yake alishona nguo za watu mpaka macho yakafifia ili yeye asomee urubani.

"Sitii sahihi jambo ambalo sijalifanya," Babu Mawingu alisema.

"Basi lifanye, mzee wangu," akajibu Meneja, aliyetumwa kutoka makao makuu na begi lake la magurudumu. "Mashine inafanya yote. Wewe siku hizi ni mlinzi wa mashine tu."

"Kidole kimoja hakivunji chawa, bwana."

"Hiyo ni methali ya zamani. Siku hizi kuna dawa ya chawa."

Meneja akacheka peke yake.

Wakaingia chumba cha mazoezi, kile kinachotikisika kama ndege lakini hakiondoki sakafuni. Binti akaachwa nje ya mlango. Meneja akajibwaga kwenye kiti cha Binti, kikombe cha kahawa mkononi.

Sasa, marubani wana desturi yao. Kabla ya kuruka na kabla ya kutua, mmoja husoma orodha, mwenzake hutazama, hugusa, ndipo hujibu. "Mafuta?" "Yapo." "Magurudumu?" "Yameshuka." Hata wawe wamenuniana tangu asubuhi, lazima mmoja aulize na mwingine ajibu. Ni kama watu wawili wanaokamua blanketi lililolowa: mmoja akilegeza mkono, mwenzake anajua papo hapo.

Siku hiyo Babu Mawingu alijiuliza mwenyewe, akajijibu mwenyewe. Ukungu wa kuigiza ukatanda kwenye vioo. Sauti ya mnara ikamtajia namba ya hewa, ile inayoiambia ndege iko juu kiasi gani: elfu moja na tatu. Kidole chake, kwa mazoea, kikaweka elfu moja na kumi na tatu, ile anayoitumia kila siku huko juu mawinguni.

"Namba ya hewa?" akajiuliza.

"Tayari," mdomo ukajibu kabla jicho halijafika.

Mashine haikubisha. Mashine kazi yake kutii. Ukiiambia uongo, inautii uongo huo kwa adabu zake zote. Ikashuka taratibu, ikijiona bado iko juu, mpaka miti ikajaa kiooni. Chumba kikapiga kishindo, taa nyekundu zikawaka, kahawa ikammwagikia Meneja mapajani.

"Uzee tu huo," Meneja akasema akijifuta. "Tufute, turudie. Nani kaona?"

Hapo ndipo damu ilipomchemka mzee. Aibu alikuwa nayo, tena ya kutamani ardhi ipasuke immeze, maana kosa lilikuwa lake. Lakini kufuta?

"Hewani nako kuna kufuta?" alinguruma. "Nimeua watu mia moja na sabini hapa! Wewe ulikuwa umekaa ubavuni mwangu. Uliona nini?"

"Mimi si rubani."

"Haya! Binti ni rubani. Angesema, 'Babu, hebu tazama tena.' Kaniambia hivyo mara tatu mwaka huu. Mara zote nilinuna, na mara zote yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Nyinyi mnamwita gharama!"

Akaivuta ile karatasi. Mahali pa maoni akaandika kwa herufi kubwa: NILIKUWA PEKE YANGU, NIKAANGUSHA NDEGE. Chini yake ndipo akatia sahihi.

"Umejimaliza," Meneja akasema. "Jumatatu utakuta barua yako ya kustaafu."

"Na wakaguzi watakuta hii," akajibu mzee, akiikunja karatasi na kuitia mfukoni.

Mchana huohuo Babu Mawingu na Binti walikuwa na safari ya kweli, kwenda mji wa makao makuu. Abiria wakapanda, wakajaa. Wa mwisho alikuwa Meneja na begi lake, suruali ina doa. Hakwenda kitini. Alisimama kwenye mlango wa marubani, akachungulia kiti cha pili.

"Samahani," akasema kwa sauti ya chini. "Leo mko wawili, sivyo?"

Binti akamtazama mzee. Mzee hakugeuka.

"Kaulize mashine," alisema. "Funga mlango, mwanangu. Tusome."

Binti akafunga, akafungua orodha.

"Namba ya hewa?"

Babu Mawingu akatazama. Akagusa. Ndipo akajibu.