Jezi Zilizolala Manyumbani

"Mama Menza, siku hizi huaniki jezi? Au timu imekufa?"

Kanze, jirani yangu, aliniuliza hivyo akichagua mchele kibarazani kwake. Nikamwambia timu haijafa, imeondokewa tu. Lakini nilipogeuka, kambani pangu palikuwa na leso na shuka, basi.

Charo, meneja wa Mkwajuni Rangers, alipata timu kubwa huko Changamwe. Aliaga vizuri, tukamwombea. Wakati wake jezi hazikulala kwa mchezaji. Mechi ikiisha zaletwa kwangu, nafua, naanika, nakunja. Jumamosi vijana hukaa mkekani sebuleni kwangu, naye Charo huzigawa moja moja. Aliyepewa anacheza. Asiyepewa haulizi.

Alipoondoka, kila mmoja aliogopa kusahauliwa. Mechi ya kwanza ilipokwisha, aliyevaa jezi alikwenda nayo kwao. Mwenye jezi ndiye mchezaji! Kaviha, nahodha wao, alisema weee mpaka sauti ikamkauka. Mmoja alicheza na homa. Na mwanangu Menza, kipa wao, alidaka goti limevimba kama kifuu cha nazi. Wakafungwa, wakafungwa tena. Ikabaki mechi moja. Wakishindwa hiyo wanashuka daraja, na wengi walishasema wakishuka kila mtu ashike njia yake.

Asubuhi moja nilikuwa namkanda lile goti kwa maji ya moto.

"Mwanangu, goti hili si la kudaka. Mwachie Sharif, kipa mwenzako."

"Mama, nikimpa Sharif jezi, nitarudishiwa na nani? Charo hayupo."

Nikaendelea kukanda, huku moyoni namwambia Mungu, Baba, hawa watoto wameogopa tu, si wabaya.

Nikamwita Kaviha. "Waambie wenzako jezi zinanuka. Mimi ni mfuaji, nataka kazi yangu."

Wakaja nazo, wanachekana.

"Mama, hii yangu usiikamue sana, itachakaa."

"Yako? Uliinunua duka gani?"

"Mjibu mama sasa!" wenzake wakamzomea.

Menza alileta yake mwisho. Aliitia kwenye beseni mwenyewe, akasimama pale akiiangalia inavyozama.

Jumamosi wakaketi mkekani. Jezi zilikuwa mezani, zimekunjwa, na hakuna aliyethubutu kuzigusa.

"Mama, tugawie wewe," Kaviha akasema. "Nikigawa mimi watasema napendelea."

"Mimi mpira siujui, baba."

"Sisi unatujua."

Tukaomba kwanza, kama kawaida yetu, Sharif na Waislamu wenzake wamefungua viganja, sisi tumefumba macho. Kisha nikaanza. Kila mmoja nilimwita jina, nikamtazama macho yake na miguu yake, nikampa au nikampita. Waliopitwa walijisogeza nyuma ya mkeka. Ikabaki ile ya manjano, ya kipa.

Menza alinyoosha mkono kabla sijaita jina. Mkono ule niliulea mimi na marehemu baba yake, Garama. Nilitamani kuujaza.

"Sharif," nikaita.

"Wallahi mama, mimi siwezi," Sharif akasema, macho chini. "Kipa ni Menza."

"Pokea, mwanangu." Akapokea kwa mikono miwili. Nikamgeukia wangu. "Goti likipona, utapewa kwa mkono huu huu wangu. Hapa hapa, mbele ya hawa."

Hata Kaviha hakuniangalia. Mkono wa Menza ulikaa hewani kidogo, kisha akaushusha. Akaangalia mkeka, midomo inamcheza kama alipokuwa mdogo akijizuia kulia. Nikajiuliza kama nimempoteza.

Mwisho akatoa glavu mfukoni, akaziweka mapajani mwa Sharif.

"Mpira wa juu usiukimbilie mapema," akamwambia. "Ungoje ushuke."

Akajiinua kwa kushika ukuta. Akautia begani mfuko wa mipira ya timu, akatoka akichechemea kuelekea uwanjani.