Kama Hapo Juu

Barua ilikuwa na mistari sita, na katika mistari hiyo sita hamkuwa na neno hata moja la ukali. Hilo ndilo lililomtisha. Mhariri wa jarida alimweleza kwa adabu kwamba mpitiaji wa makala yake, mtu ambaye kwa desturi ya majarida jina lake hufichwa, alikuwa na swali dogo tu: "Tanbihi ya kumi na nne inanukuu ukurasa wa 214 wa kumbukumbu za daktari. Kitabu hicho kina kurasa 190. Mwandishi amesoma kitabu gani?" Mhariri akaomba picha ya ukurasa wenyewe imfikie kabla ya saa kumi alasiri ya siku hiyo hiyo, maana toleo lilikuwa likifungwa. Isipofika, makala ingeondolewa, na suala lingepelekwa kwenye kamati ya maadili ya chuo chake, "kama utaratibu unavyotaka".

Saa ya ukutani, juu ya mlango wa maktaba, ilionyesha saa sita na robo.

Wenzake idarani walimwita Bi Kadi. Alikuwa mhadhiri msaidizi, mkataba wake ukiwa umebakiza miezi mitatu, na kamati ya maadili ilikuwa imekwisha kuwafungisha virago watu wenye mizizi mirefu kuliko yake. Jina la utani alilipata kwa sababu, katika zama za kompyuta, yeye bado alinakili nukuu zake kwa mkono juu ya kadi ndogo ngumu, moja baada ya nyingine, na kuzifunga kwa mpira. Kadi mia tatu na ushei ndizo zilizozaa makala ile juu ya wakunga wa zamani. Na makala yote ilisimama juu ya sentensi moja, kama hema juu ya mti mmoja: "Wakunga wa mtaa huu hunawa mikono kwa maji ya moto na majivu kabla ya kumgusa mzazi." Kwa sentensi hiyo alidai kwamba wakunga walikuwa wakinawa kabla hospitali haijawafundisha. Ukiing'oa, hema linalala chini.

Alikuwa amekwisha kukitoa kitabu cha daktari rafuni na kukifungua mwishoni. Ukurasa wa 190 ulikuwa na picha ya daktari akiwa na mbwa wake, na wote wawili walimkodolea macho kama waliokuwa wakimngoja. Baada ya hapo, jalada. Alirudi mwanzo akapekua sura zote za wakunga, kidole kikitangulia na macho yakifuata. Maji hayakuwapo. Majivu hayakuwapo.

Akaitazama tena kadi yake. Mwandiko ni wake, wino ni wake. Chini ya nukuu alikuwa ameandika, kwa ule ubahili wake wa herufi: *k.h.j., uk. 214.* Kama hapo juu, ukurasa wa mia mbili na kumi na nne. Na kadi iliyokuwa juu yake katika furushi ilikuwa ya kumbukumbu za daktari. Hapakuwa na shaka yoyote. Je, mtu anaweza kuiota sentensi, kisha akaiamkia na kuinakili?

"Mwalimu," ilisema sauti ya chini nyuma yake, "hicho kitabu ukikifungua mara ya tano uti wake utavunjika, nami nitakudai."

Alikuwa mkutubi mkuu, mzee mwembamba aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, ambaye wanafunzi walimwita Mzee Shii kwa neno alilolitumia kuliko yote. Bi Kadi alitaka kutabasamu, midomo ikakataa. Akamsukumia barua. Mzee Shii aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena, kisha akavuta kiti.

"Kadi iko wapi?"

Akampa. Mzee akaisogeza mbali na macho, kama wafanyavyo wenye miwani iliyozeeka.

"Kama hapo juu," alisoma. "Juu ya nini, mwanangu?"

"Juu ya kadi iliyotangulia, mzee. Nikinukuu kitabu kimoja mara nyingi siandiki jina kila mara. Naandika jina kwenye kadi ya kwanza, zinazofuata ni k.h.j."

"Kwa hiyo kadi hii haijui imetoka wapi. Inaijua jirani yake tu."

"Ndiyo."

"Na jirani akihama?"

Bi Kadi aliutazama mpira wa furushi. Aliliona furushi lake kama lilivyokuwa mezani nyumbani miezi sita iliyopita, kabla hajaanza kuandika makala, siku aliporudi kutoka kazini akakuta sebule inanukia sabuni na kadi zimefungwa kwa mpira mwekundu. Mpira wake ulikuwa wa kijani.

Alichomoka hadi kwenye ngazi, simu sikioni. Mama mkwe wake, aliyekuwa amekuja kukaa nao tangu goti lilipoanza kumsumbua, alipokea kwa sauti ya mtu anayeamini kwamba simu ni bomba na lazima upige kelele ifike upande wa pili.

"Abee, mke wa mwanangu! Umeshakula?"

"Bado, mama. Mama, ile siku uliyopangusa meza, kadi zangu zilidondoka?"

"Zilidondoka, ndiyo! Zote! Lakini usihofu, niliziokota moja moja, na goti hili hili. Sikupoteza hata moja."

"Ahsante, mama. Ulizipanga vipi?"

"Vizuri! Zilizochakaa nikaziweka chini, safi nikaziweka juu. Mtu akifungua aone heshima."

Bi Kadi alifumba macho. Maneno yalimjaa kinywani, akayameza yote kama dawa chungu.

"Kwani nimeharibu?" Sauti ya upande wa pili ilikuwa imeshuka ghafla.

"Hapana, mama. Nitakupigia."

Aliporudi ilikuwa saa saba na nusu. Aliketi mbele ya kadi mia tatu na ushei, nusu yake zikiwa za k.h.j., kila moja ikinyoosha kidole juu kumwonyesha jirani ambaye si jirani tena. Vitabu alivyosoma kwa miaka miwili vilikuwa arobaini na kitu. Kufungua ukurasa wa 214 wa kila kimoja, vingine vikiwa hifadhini, vingine vimeazimwa, kungekula siku mbili. Alikuwa na saa mbili na nusu.

Mzee Shii alikuwa amechukua kadi moja na kuigeuza. Akageuza ya pili, na ya tatu, akicheka bila sauti.

"Hizi nilizipiga mimi."

"Unasemaje, mzee?"

"Mashine yangu ya chapa. Tazama hii herufi m, imevunjika mguu wa kati. Miaka kumi na mitano imechechemea hivi hivi." Alimwonyesha mgongo wa kadi: mistari mitatu iliyofifia, nambari ya rafu, tundu dogo chini palipopita ufito wa chuma wa droo. "Hizi ni kadi za katalogi yetu ya zamani, ile ya mada kwa alfabeti. Tulipoingiza kompyuta tukazitoa bure, watu waandikie upande wa nyuma. Wewe ulichukua droo nzima."

"Nilichukua ya M. Ilikuwa karibu na mlango."

"Na ulizitumiaje? Ulizichanganya kwanza?"

"Nizichanganye za nini? Nilichomoa ya mbele, nikaandika, nikachomoa inayofuata..."

Akaigeuza kadi iliyokuwa mbele yake. Kwa miaka miwili alikuwa ameandika upande mmoja wa kadi bila kuujali upande wa pili, na upande huo wa pili, kimya kimya, ulikuwa umemtunzia zamu: kadi ya kwanza kuandikwa ilikuwa ya kwanza katika alfabeti, na ya mwisho ilikuwa ya mwisho.

Mzee Shii akaweka mbili sambamba. "Kadi yako ya daktari, mgongoni imeandikwa *Mbuzi*. Kadi ya majivu, mgongoni imeandikwa *Muhogo*. Mama mkwe wako ameweka mbuzi juu ya muhogo." Akavua miwani. "Hapo ulitegemea nini? Lazima muhogo uliwe."

Walizipindua zote. Meza ndefu ya wasomaji ikajaa Maboga na Madini, Mbegu na Mbolea, Milango na Misumari. Walipanga, yeye akitoka mwanzo na mzee akitoka mwisho, saa ya ukutani ikigonga kila robo. Alipata kadi ya Mtama, akaipoteza, akaikuta chini ya kiwiko chake. Saa tisa na dakika kumi wakakutana katikati. *Mtama. Mtende. Mtumbwi. Muhogo.* Akazigeuza nne hizo kwa pamoja. Muhogo, k.h.j. Mtumbwi, k.h.j. Mtende, k.h.j. Na Mtama, kwa mwandiko uliojaa: *Ripoti za Muuguzi Mkaguzi, juzuu la pili.*

"Hifadhini," alisema Mzee Shii, akiwa tayari amesimama, funguo zikilia mkononi. Kwa mara ya kwanza katika historia ya jengo lile, mzee huyo alionekana akikimbia.

Chumba cha hifadhi kilikuwa chini ya ardhi, na taa yake ilijifikiria kwanza kabla ya kuwaka. Rafuni palikuwa na juzuu la kwanza na juzuu la tatu. Kati yake hapakuwa na kitu, hata nafasi. Vitabu viwili vilikuwa vimebanana bega kwa bega.

"Limeazimwa?"

"Hifadhi haiazimwi." Mzee alivuta juzuu la kwanza, lililokuwa nene kama tofali. "Fungua."

Ukurasa wa 214 ulikuwa na jedwali la vitanda na mablanketi.

"Si hapa, mzee."

"Endelea. La kwanza na la pili yalifungwa katika jalada moja, fundi alikuwa akibana matumizi. Katikati hesabu inaanza upya."

Aliendelea. Mia tatu na nne, ukurasa mtupu, kisha moja. Akageuza kurasa kwa kiganja. Mia mbili na kumi. Na kumi na mbili. Na kumi na nne. Na mstari wa mwisho kabisa, chini ya ukurasa wa kulia, herufi zikiwa zimetua kama ndege waliomngoja: *Wakunga wa mtaa huu hunawa mikono kwa maji ya moto na majivu kabla ya kumgusa mzazi*

Hakulia, ila aliegemea rafu. "Sikuiota," alisema.

"Piga picha," alisema mzee. "Ni saa kumi kasoro dakika ishirini na tano."

Aliinua simu, akapiga. Picha ilitoka safi. Na ilipokuwa safi ndipo alipoona kwamba mwisho wa mstari hapakuwa na nukta. Palikuwa na mkato.

Akageuza ukurasa.

*siku ambazo mganga mkuu yupo kuwatazama. Siku nyingine sina la kusema, kwa kuwa sikuwapo.*

Aliisoma mara tatu. Kisha akaitoa kadi mfukoni. Nukuu ilikuwa imeijaza hadi ukingoni, neno *mzazi* likiwa limejikunja kwenye pembe, na baada yake palikuwa na nukta iliyokolea, ya wino wake. Hiyo mama mkwe hakuiweka. Kadi ilikuwa imejaa, jioni ilikuwa imefika, na mkono wake ulikuwa umechoka. Akaifunga sentensi ya mtu mwingine pale ilipomwishia yeye nafasi.

Mzee Shii alikuwa amesoma juu ya bega lake.

Mhariri alikuwa ameomba ukurasa wa 214. Ukurasa mmoja. Ulikuwa tayari simuni, na nambari juu yake, na kila neno lililonukuliwa. Kutoka kwenye mkato hadi nukta palikuwa na unene wa karatasi moja, na karatasi hiyo ilikuwa chini ya ardhi, katika juzuu lisilojulikana kuwapo, na mwenye ufunguo alikuwa akistaafu mwakani.

"Mzee," alisema, "ungefanya nini?"

"Mimi hupanga vitabu, mwanangu. Siviandiki." Akaangalia kando. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Huyo muuguzi aliwaza nini, unadhani, alipoandika kwamba hakuwapo? Hakuna aliyemuuliza."

Bi Kadi alimfikiria mwanamke yule, juu ya meza fulani, ripoti karibu inakwisha, wakubwa wakitaka habari njema. Aliinua simu, akapiga picha ya ukurasa wa 215.

Chini hapakuwa na mtandao. Walipanda ngazi, mzee akihema, na kwenye ngazi ya juu, simu ilipokamata, aliandika kwa kidole kimoja: "Naambatisha kurasa mbili. Kitabu nilikitaja kimakosa. Kadi zangu zilichanganyika. Lakini nukuu niliikata mwenyewe, na sehemu niliyoikata inapunguza dai langu. Naomba zisomwe zote mbili." Akatuma. Saa kumi kasoro dakika nne.

Jibu lilikuja walipokuwa wakikusanya kadi mezani. "Tumepokea. Hapatakuwa na suala la kamati. Makala haiwezi kutoka katika toleo hili. Hoja yake kuu imeondoka. Ukiiandika upya, tutaisoma."

Hema lilikuwa limelala chini, basi, na miezi mitatu ya mkataba ilikuwa bado mitatu tu. Aliketi. Akavuta kadi tupu, mgongoni *Mwiba*, akaiandika sentensi ya muuguzi tangu mwanzo. Ilipojaa hakuweka nukta. Akachukua ya pili, akaandika mpaka *sikuwapo*, na chini ya kila moja, badala ya herufi tatu, akaandika jina zima la kitabu, juzuu na ukurasa.

Simu ikatetemeka, akasimama kupokea. Sebuleni nyumbani, mama mkwe alikuwa akipiga kelele ndani ya bomba.

"Mke wa mwanangu! Sijatulia tangu mchana. Niambie ukweli, nimekuharibia?"

"Mama, kadi ulizichanganya kweli," alisema Bi Kadi. "Lakini kosa kubwa nimelikuta lina mwandiko wangu."

"Shii!" alisema mkutubi, na kumsukumia kiti kwa mguu, aketi amalize.