Paa Linalovuja Bila Mvua

Wiki kadhaa zilikuwa zimepita bila tone la mvua pale Macquarie Fields, mtaa wao wa ugenini, na bado kila Jumamosi Akilimali alibeba ngazi kwenda kuziba paa la Yvette linalovuja. Yvette alikuwa mjane wa kwaya yao, mwenye sauti ya kwanza na kiuno cha kwanza.

"Linavuja nini, Baba Gloire, na mbingu imekauka hivi?" mkewe, Faida, alimuuliza asubuhi hiyo.

"Linadondosha tu, baridi ikikaza. Mimi mwenyewe sielewi."

"Wewe huelewi. Yeye anaelewa."

Alipoondoka, Faida hakumaliza hata kuosha vyombo. Alimfunga mtoto mgongoni, akashika njia, baridi ya Julai ikimng'ata masikio. Leo angewafumania. Leo angejua kama ana mume au ana mpangaji.

Yvette alifungua mlango, uso umelowa mvuke. Jikoni sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, ilikuwa inatokota. Kutoka juu ya dari kikashuka kicheko cha Akilimali, kile cha kufungua kifua, ambacho nyumbani Faida alikuwa hajakisikia tangu Gloire azaliwe.

"Karibu, Mama Gloire! Shemeji yuko darini, namchekesha asigande."

"Nishikie mtoto," Faida alisema. Akamweka Gloire mikononi mwa Yvette, akapanda ngazi.

Darini kulikuwa na giza na baridi kuliko nje. Tone likamwangukia kwenye paji la uso. Akamnyang'anya mumewe tochi, akamulika: chini ya mabati yote maji yalining'inia kama jasho, na pamba ya kuzuia baridi iliyotandazwa chini ilikuwa chapachapa. Basi kuvuja kulikuwa kweli. Faida aliona aibu, ila wivu haukutoka. Ulisogea tu, ukaipisha aibu ikae.

"Unaona?" Akilimali alinong'ona. "Nimeziba huko nje kila pahali."

Tochi ikaenda pembeni, paa linapokutana na ukuta. Matundu ya hewa yalikuwa yamesindiliwa mablanketi.

"Nani kaweka haya?"

"Mimi. Alilalamika baridi."

"Alilalamika! Mimi nalala na koti, dirisha linapiga filimbi usiku kucha, hujaziba hata na gazeti!"

Akavuta blanketi la kwanza. Alipovuta la pili akalimulika. Lilikuwa lile la picha ya simba, ambalo mama yake alimpa siku anaondoka kambi ya wakimbizi.

"Hili lilikuwa kwenye sanduku langu."

"Hukuwa unalitumia..."

"Nalitunza, Akilimali! Nalitunza!"

Akayang'oa yote kwa hasira, moja baada ya jingine, mpaka tundu la mwisho. Upepo ukaingia darini kama mgeni aliyechoka kungoja mlangoni. Mbele yao wingu jeupe likaanza kusogea, na wote wawili wakaliona linakotoka: bomba la feni ya jikoni lilikuwa limechomoka, likipuliza mvuke wa sombe mle mle ndani.

"Mvuke unapanda, unakuta bati la baridi, unageuka maji," Akilimali alisema polepole. "Na mimi nimeufungia mlango."

"Kwa blanketi la mama yangu."

Akilimali alilipeleka bomba mpaka nje na kulikaza, Faida akimmulikia.

Waliposhuka, Yvette alikuwa akimwimbia Gloire, na mtoto, msaliti mdogo, alikuwa amelala fofofo. Faida alimchukua, akaaga kwa heshima zote, akalibeba na blanketi lililolowa.

Nyumbani Akilimali hakuvua viatu. Alipiga magoti chini ya dirisha la chumba chao, akaanza kuziba nyufa bila kutumwa.

"Usizibe yote," Faida alisema kutoka kitandani. "Tutaota ukungu."

"Sawa, Mama Gloire."

Faida akajiinua akaketi. Swali moja lilikuwa limebaki.

"Kule juu ulikuwa unacheka nini?"

Akilimali akamsimulia: mbuzi fulani wa Uvira aliyeingia kanisani siku ya harusi. Hadithi yenyewe haikuchekesha hata kidogo. Faida akasogea ukingoni mwa kitanda, karibu naye.

"Nipe nyingine," akasema. "Na hii isiwe ya Yvette."