Mkono wa Kulia

Kitu cha kwanza Nangila alichoona ni kwamba blauzi tatu zilizoletwa wiki moja zilikuwa zimechanika mahali pamoja, kwapani, upande wa kulia. Hazikuwa za mtu mmoja. Moja ilikuwa ya mwalimu wa chekechea, nyingine ya mwanamke wa duka la dawa Kaptembwo, na ya tatu ilitoka Salgaa, kwa dada mmoja anayesimamia loji ya madereva. Uzi haukuwa umeoza. Mshono ulikuwa umevutwa kutoka chini kwenda juu.

Nangila hakumwambia mtu. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja na hakuwa mtu wa kusema. Alikuwa msaidizi wa Awuor, fundi wa nguo ambaye mtaa mzima wa Rhonda ulimwita Mama Cate, mwenye cherehani mbili na mdomo wa kutosha cherehani tano. Nangila alishona zile blauzi, akazikunja, zikachukuliwa. Wiki iliyofuata zilirudi zimechanika tena, na safari hii wenyewe walikuwa ndani yake.

Mwalimu wa chekechea aliingia kibandani akiwa ameinama kidogo ili vidole vyake visiguse bati. Jina lake Edinah Makhanu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka juu ya kichwa, kiganja wazi.

"Ticha, shusha mkono tukupime," Mama Cate alisema.

"Haushuki."

"Tangu lini?"

"Tangu tarehe kumi na mbili, mwezi wa tatu. Nilikuwa na swali darasani."

Mama Cate alitoa pini mdomoni. "Basi tutakupima hivyo hivyo. Nangila, leta tepu."

Darasa lilikuwa kwenye simu. Edinah alikuwa akisomea digrii ya elimu ya watoto wadogo katika Chuo Kikuu cha Upeo Mpana, ambacho hakikuwa na uwanja wala bweni wala kengele. Kilikuwa na tovuti, na chumba kimoja mjini Nakuru. Shule yake ilikuwa imewaambia walimu kwamba atakayefika mwisho wa muhula wa tatu bila cheti asirudi Januari. Edinah alikuwa amefundisha pale miaka tisa. Alikuwa amebakiza mada mbili, ya saba na ya nane.

Mada ya saba ilifundishwa na Dakta Jamleck Waithaka. Alikuwa mtu wa makamo mwenye koti la kijivu, na kifungo cha pili cha koti hilo kilining'inia kwa uzi mmoja. Edinah alipomwonyesha simu, Nangila alikiona hicho kabla ya kuona uso. Dakta alieleza jinsi mwalimu anavyojua kwamba mtoto ameelewa. Mwishoni alisema, "Kuna swali?" Akanyamaza sekunde nne. Kisha akasema, "Hakuna. Vizuri. Tuendelee."

Ndani ya zile sekunde nne Edinah alikuwa amebonyeza alama ya mkono, na mkono wake ukapanda. Alipobonyeza tena ili aushushe, simu ilimwandikia kwamba mkono hushushwa na mwalimu peke yake. Mada ya nane ilikataa kufunguka. *Una swali ambalo halijajibiwa*, iliandika. *Tafadhali subiri.*

Nangila alikata kipande cha pembe nne, akakitia kwapani, blauzi ikakaa. Kufikia mwezi wa sita alikuwa ametia vipande kama hivyo kwenye nguo za watu kumi na wanane. Wote walikuwa wa chuo kimoja.

Maisha yalijipanga kuuzunguka mkono. Watoto wa darasa la Edinah walidhani anaomba ruhusa ya kwenda choo. "Ticha, enda," walimwambia, na walikuwa na huruma. Waendesha bodaboda walimsimamishia pikipiki kuanzia nyumbani hadi shuleni, mmoja baada ya mwingine, wakamtukana alipokataa kupanda. Kanisani, mchungaji alipowaita wanaotaka kuokoka wainue mikono, alimhesabu Jumapili nne mfululizo. Ya tano akamwomba aketi nyuma ya nguzo. Kwenye baraza la chifu, kamati ya maji ilipochaguliwa, Edinah aliwapigia kura wagombea wote wawili. Chifu alitoa moja kila upande, mkutano ukaendelea.

Mwezi wa saba Edinah alimwomba Nangila amsindikize mjini, kwa sababu ngazi zilikuwa nyembamba na yeye alikuwa na bahasha ya kushika. Ofisi ya chuo ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la dawa za mifugo. Ndani mlikuwa na meza, maua ya plastiki, na joho moja jeusi kwenye hanga, la kupigia picha. Nangila aliona kwamba mikono ya joho ilikuwa mipana sana. Haingehitaji kipande.

Karani aliitwa Hiram. Alikuwa akiandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa juu.

"Boss, nataka kuonana na Dakta Waithaka," Edinah alisema. "Nimeinua mkono tangu Machi."

Hiram alitazama kompyuta. "Ni ukweli. Mkono umeonekana kwa sistimu."

"Sasa nitajibiwa lini?"

"Dakta alifariki, ticha. Huu ni mwaka wa nne. Alizikwa kwao Longonot."

"Pole. Lakini juzi amefundisha."

"Kozi haijasimama. Alisaini. Sauti ni ya chuo."

Edinah aliweka bahasha mezani. "Na maswali yanajibiwa na nani?"

"Kuna ukurasa wa maswali. Umeandika huko?"

"Mara sita."

"Ukaambiwa nini?"

"'Swali lako ni muhimu kwetu.'"

"Si ndio hilo jibu," Hiram alisema. Hakuwa akimdhihaki. Ndivyo alivyofundishwa kusema, na alikuwa amelisema siku nyingi. Kisha akamwangalia mkono, akashusha sauti. "Utazoea. Usiku ulale kwa ubavu wa kushoto. Sweta ununue za vifungo mbele."

"Wewe, swali lako lilikuwa gani?"

Hiram alifikiri. Alitazama dari, pale vidole vyake vilipoelekea. "Nimesahau," alisema.

Alimpiga Edinah picha moja kwa simu, ya kuambatanisha na malalamiko, akagonga muhuri kwenye bahasha. Edinah na Nangila wakashuka.

Njiani kurudi Rhonda walifika kwenye mtaro wa maji taka. Hapo Edinah alisimama. "Nangila, mimi sitaki kusahau kama yule. Nitakuambia swali langu, unishikie. Wewe huongei, halitamwagika."

Nangila alitikisa kichwa kukubali.

"Dakta anasema mtoto aliyeelewa hutulia. Sawa. Na yule ambaye hajaelewa, na yeye ametulia, nitamjuaje?"

Nangila aliangalia maji. Kisha aliangalia viatu vyake. Edinah alidhani analikariri swali, akamwacha.

Nangila alikuwa ameachia shule darasa la sita. Hakufukuzwa, wala hakuugua. Walikuwa wakifanya hesabu ya kugawanya sehemu, ile ambayo sehemu ya pili hupinduliwa, ya chini ikawa juu. Hakuona kwa nini ipinduliwe. Mwalimu aliuliza kama kuna swali, darasa likasema hakuna, akafuta ubao. Hesabu iliyofuata ilikaa juu ya hiyo, na nyingine juu yake. Ripoti ya mwisho wa muhula iliandikwa kwa kalamu nyekundu: *Mtoto mtulivu. Hana shida.* Muhula uliofuata alibaki nyumbani Jumatatu moja kumlea mtoto wa shangazi yake, kisha Jumanne, na hakuna aliyekuja kuuliza.

Dakta Waithaka alikuja kibandani Alhamisi ya pili ya mwezi wa kumi, saa kumi jioni. Vumbi la kijivu la Longonot lilikuwa limemfika magotini. Mama Cate alikuwa akipuliza makaa ya pasi.

"Karibu, mzee. Wewe si ndiye wa kwa simu?"

"Katika mada ya saba tutaangalia uelewa wa mtoto," Dakta alisema, akionyesha kifungo.

"Nimekiona. Kaa hapo kwa stuli. Nangila, hiyo ni yako. Tafuta uzi unaofanana."

Dakta alikaa akafundisha. Nangila alipiga magoti mbele yake na sindano, akapitisha uzi kwenye matundu manne, akauzungusha chini ya kifungo mara tano ili kisimame vizuri. Koti lilikuwa baridi. Edinah alikuja kutoka shuleni kama kila siku, akainama kukwepa bati, akamwona. Alivuta ndoo akaikalia. Alisubiri mada iishe, kwa sababu ni mtu mwenye adabu.

"Kuna swali?" Dakta alisema.

"Kuna, Dakta. Na yule ambaye hajaelewa, na yeye ametulia, nitamjuaje?"

Dakta alimtazama usoni. Kisha alipandisha macho polepole kwenye mkono, mpaka kwenye ncha za vidole. Nangila, ambaye kichwa chake kilikuwa karibu na kifua cha Dakta, aliona koo lake likipanda na kushuka, kama la mtu anayemeza ugali mkavu. Mdomo ulifunguka. Sekunde nne zikapita.

"Hakuna," Dakta alisema, huku akitikisa kichwa kukataa. "Vizuri." Alizidi kutikisa kichwa. "Tuendelee."

Aliinuka, akafunga kifungo, akampa Nangila mkono, akaondoka kwa njia ya Kaptembwo.

"Sasa huyo naye ni mwalimu gani," Mama Cate alisema, akapiga pasi juu ya suruali kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Ametoka huko kote na mguu, anakuja kusema hakuna."

Kuanzia siku hiyo, kwenye simu, kifungo cha pili kilikuwa kimekaza. Mengine yote yalibaki vile vile.

Mwezi wa kumi na moja bango jipya lilisimamishwa Salgaa, pale malori yanapopunguza mwendo. Ilikuwa ile picha aliyopiga Hiram. Edinah alikuwa amesimama mbele ya joho, mkono juu, na chini yake pameandikwa: *Upeo Mpana. Wanafunzi Wanaoshiriki.* Dada wa loji alileta habari kwamba madereva wakilipita hutoa mkono dirishani na kumpungia. Edinah alisema hao ndio wa kwanza kumjibu.

Shule ilifungwa. Mwalimu mkuu alimwita Edinah ofisini na kumwambia kwamba yeye binafsi hana neno naye, ila cheti ni cheti. Watoto walimwimbia. Kila mmoja alimuaga kwa kuinua mkono wa kulia, wakidhani ndivyo kwao ticha wanavyosalimiana.

Edinah alifika kibandani siku ya pili yake na mfuko wa nguo zake zote. "Tieni vipande kwa hizi zote," alisema. "Sitakuwa na haraka tena." Alikalia ndoo, akaiweka simu juu ya meza ya kukatia, Dakta akianza mada ya saba kwa sauti ndogo. Alikuwa ameiwasha kwa mazoea tu.

Baada ya muda aliinua uso. Alikuwa amekunja kipaji kama mtu anayetafuta funguo.

"Nangila. Swali langu lilikuwa gani?"

Nangila aliweka mkasi chini.

"Mwambie, nyathina, mtoto wangu," Mama Cate alisema. "Si wewe ndiye uliwekewa?"

Nangila alivua sweta. Alichukua wembe, akaufungua mshono wa gauni lake mwenyewe kwapani, upande wa kulia, akiwa amelivaa. Kwenye kapu la vipande alichagua kimoja kilichobaki kutoka kwa blauzi ya kwanza ya Edinah, cha bluu. Alikipiga pini, akaingia nyuma ya pazia la kupimia, akatoka amejifunga leso na gauni mkononi. Alilishona kwa mashine, pande zote nne, akarudi nyuma ya pazia. Alipotoka alijaribu kuinua mkono. Ulipanda bila kuvuta mahali.

"Na wewe huyo, umejiunga lini?" Mama Cate aliuliza.

Nangila alisogea mezani, akasimama mbele ya simu kama mtu anavyosimama mbele ya ubao. Nje mtu alikuwa akiita, "Mboga, mathe, mboga!" akapita.

"Kuna swali?" Dakta alisema.

Mkono wa Nangila ulikuwa juu. Alihesabu moja, mbili, tatu, nne, na sauti yake mwenyewe ilikuwa bado njiani.

"Hakuna," Dakta alisema. "Vizuri. Tuendelee."

"Kuna," Nangila alisema. Alimgeukia Edinah, kwa sababu ndiye mwalimu aliyekuwepo. "Ulimuuliza, yule ambaye hajaelewa na ametulia, utamjuaje. Ni mimi, ticha. Mimi sikuelewa. Nilitulia tu."