Moshi wa Watu Thelathini na Mmoja

Stanislas alihesabu watu miaka ishirini na sita. Ndiyo iliyokuwa kazi yake kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe: asubuhi anasimama getini na ubao wake, kila kichwa kinachopita anakipigia alama, na ole wako ukifika ubao umeshafungwa. Alipostaafu, kazi ilimfuata nyumbani kama mbwa. Hata kanisani midomo yake ilikuwa ikicheza, mkewe Berthe akadhani mume anasali kwa bidii. Kumbe yuko safu ya tisa, kichwa cha mia na kumi. (Stanislas ni jina la ubatizo, na majina hayo Serikali ilishayapiga marufuku. Lakini nyumbani kwake nani angemwita vingine?)

Basi miaka ile watu walimiminika Likasi. Kampuni ya madini inaandika wafanyakazi, na kila treni inashusha binamu wa mtu. Lupango la Stanislas, ua ule ulioanza na familia mbili, likawa na tano. Kila familia na mbabula yake, lile jiko la bati lenye matundu. Saa kumi na moja jioni wanawake watano wanawasha kwa pamoja. Mvua imelowesha makala, yaani makaa ya kupikia, moto unakataa kushika, na moshi unajaa mpaka hujui aliyekusalimu ni mke wako au wa jirani. Wanaume walijibu salamu kwa tahadhari.

Wengine walicheka. Stanislas alikohoa. Vumbi la Kakontwe lilikuwa limeshakula nusu ya kifua chake, na sasa moshi umekuja kwa nusu iliyobaki. Muuguzi wa dispensari hakumficha.

"Tata, mvua ingine moya ndani ya moshi ile, haumalizi. Utoke weye, ao moshi itoke."

Atoke aende wapi? Kijijini kwao waliomjua wote wako makaburini. Akafanya anachokijua: akachukua chaki, akahesabu watu wa lupango, akaandika mlangoni: 31. Akaitazama namba hiyo siku tatu, akaona jibu. Wapunguzwe. Na kama kule getini, aliyefika mwisho ndiye anayebaki nje. Aliyefika mwisho alikuwa Michel, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Kasai, na mkewe Suzanne na watoto wao wawili.

Jumamosi mchana, Michel akiwa kazini, Stanislas alimwita Suzanne. Berthe alikuwa pembeni anachambua sombe, majani ya muhogo, au tuseme mikono ilikuwa kwenye sombe, masikio yalikuwa kwao.

"Mama Suzanne, unaona mwenyewe. Tuko batu makumi tatu na moya, na miye niko nakufa na moshi. Mwisho wa mwezi mutafute nyumba ingine."

Suzanne alimpandisha mtoto vizuri mgongoni. Hakulia. Aliitazama ile namba mlangoni.

"Tata, niulize?"

"Uliza."

"Sisi tukienda, batu batabakia ngapi?"

"Makumi mbili na saba." Alijibu kabla swali halijaisha.

"Na mbabula?"

Miaka yote ile, kitu kisicho na kichwa hakikuwahi kumhusu Stanislas. Akageuka, akaanza kuhesabu kwa kidole.

"Ine," alisema taratibu.

"Sasa tata, moshi inatoka ku pua ya batu, ao ku mbabula? Utuache bote hapa, mbabula ikuwe moya."

Berthe aliangusha sombe kwa kicheko. "Yo mama! Batu ba Kakontwe yote alibahesabu, moto tano mbele ya mlango wake hakuiona!"

Lakini msidhani kupika pamoja kulikuwa rahisi. Maharage hayana kabila; shida ni bukari, ndiyo ugali. Watu wa Kasai wanachanganya unga wa mahindi na wa muhogo. Wa huku wanataka mahindi matupu, meupe, na kila upande unaona ugali wa mwenzake ni adhabu. Barthélemy, mpwa wa Stanislas, aliapa afadhali alale njaa. Aliapa hivyo mpaka saa kumi na mbili.

Michel alichomelea mbabula kubwa ya nusu pipa, wakaiweka nyuma kabisa, upepo unapotokea kwenda barabarani. Wanawake wanawasha mara moja tu. Maharage ya wote yanaiva kwanza, kisha juu ya makala yaleyale, ambayo sasa yanawaka bila moshi, bukari mweupe, halafu wa Kasai. Mwezi wa pili, yule wa baiskeli anayeleta makala kutoka ng'ambo ya Kamatanda, kwa sababu miti ya karibu mji umeshaimaliza, alisimama na gunia lake lisilonunuliwa.

"Mulihama? Ao hamukule tena?"

Mvua zikaisha. Muuguzi aliweka sikio kifuani kwa Stanislas, akaliweka tena.

"Nani alikutunza hivi?"

"Mugeni wangu," Stanislas alisema, na hakukohoa.

Jioni hiyo alipeleka sahani kwa Suzanne, akaomba bukari wa Kasai mbele ya watu wote. Barthélemy akashika kichwa. Stanislas alikula yote, akasema, "Aksanti, mama. Kwa hii, na kwa pumzi."

Kesho yake treni ilimshusha Marcelline, dada wa Michel, na mfuko mmoja na mkeka. Alisimama nje ya ua, akiogopa kuuliza kama kuna nafasi. Stanislas alishachukua chaki. Kwenye 31 ya mlangoni alifuta moja, akaandika mbili.

"Ingia, mwanangu," alisema. "Ubao haujafungwa."